Vichwa vya Kina Righa

Mkaguzi wa hesabu za serikali alikuwa anakuja kesho asubuhi, na viti vya Idara ya Utamaduni vilikuwa bado kwa Mheshimiwa.

Viliazimwa tangu sikukuu ya Jamhuri. Vilikuwa viti vyeupe vya plastiki, kila kimoja kimeandikwa mgongoni kwa rangi nyekundu: MALI YA SERIKALI. Ombi la kuviazima lilikubaliwa siku hiyo hiyo. Ombi la kuvirudisha lilikuwa bado linatafakariwa. Ndiyo maana Peris Wakesho, Afisa wa Utamaduni, mwanamke wa miaka arobaini na ushei mwenye shahada mbili na ofisi ya dirisha moja lisilofunguka pale Mwatate, alijikuta jua likizama akipandishwa milimani kwa gari la Idara kwenda kudai plastiki.

Gari lenyewe lilishinda Voi, lilikompeleka mkubwa mmoja kwenye semina ya kupunguza matumizi ya magari ya serikali.

"Madam, kazi yangu inaisha saa kumi na moja," dereva alisema akikata kona. Jina lake Mwangangi, Mkamba wa Mtito Andei aliyeoa Voi akasahau kurudi. "Sasa hivi mimi ni raia tu anayeendesha gari la serikali. Hilo ni kosa."

"Na viti vikikosekana kesho?"

"Hilo ni kosa lako."

Peris alicheka. Chini yao mashamba ya mkonge ya Mwatate yalikuwa yanageuka kijivu, na mbele ukungu wa Chawia ulikuwa umeanza kuteremka kati ya miti.

"Lakini Madam, wewe huogopi? Watu wanasema yule mzee ni Illuminati."

"Mwangangi. Mtu wa Illuminati anaazima viti vya plastiki?"

"Si ndiyo maana ana pesa? Hanunui vyake."

Peris alipandisha kioo, ukungu usiingie.

Watu walisema mengi kuhusu kina Mwakughu. Mzee Obadiah Mwakughu alikuwa na mkono katika kila jambo tangu enzi za machifu, na mwanawe Dominic ndiye Mheshimiwa wa sasa. Wao na wenzao wachache, watu wazito wa mahakama, jeshi na benki, walikuwa na chama kilichoitwa Udugu wa Vilele. Kilikuwa chama cha siri, lakini kwa kuwa Kenya ni nchi ya utaratibu, kilikuwa na cheti cha usajili. Kiliandikishwa kama chama cha kusaidiana wakati wa misiba. Na kweli, misiba haikuwapungukia.

Sebuleni mwa Mzee, waliofika walisema, palitundikwa mchoro wa ukoo wa Mwakughu ulioanzia kwa watu wa kwanza kuwasha mioto vilimani. Profesa mmoja alilipwa auchore. Tatizo ni kwamba wazee wa Chawia walimkumbuka vizuri babu wa kwanza wa ukoo huo. Alifika na Mzungu, amebeba hema kichwani.

"Na nyinyi Wadawida wa Taita mna mambo," Mwangangi aliendelea. "Kwetu tukizika mtu, tumezika. Hatumrudii baada ya mwaka kumdai kichwa."

"Ilikuwa heshima," Peris alisema. Maneno haya aliyasema kila mwaka mbele ya wanafunzi na watalii. "Mwili ni wa udongo, lakini kichwa ndicho mtu. Kinafukuliwa, kinasafishwa, kinawekwa pangoni pamoja na vya wazee wake. Ukiwa na shida unakwenda pale, unaongea na watu wako. Kila ukoo una pango lake. Wamishonari walipokuja, tukaacha."

"Mliacha wote?"

Peris aligeukia dirisha. Alikuwa anamfikiria Crispus.

Crispus Righa alikuwa mdogo wake wa pekee. Mwaka ule wa uchaguzi, miaka mitatu iliyopita, aliokotwa alfajiri kando ya shamba la mkonge. Ripoti ilisema ameuawa na ndovu. Taita ndovu huua watu, hilo halina ubishi. Lakini ndovu huyu, kwa mujibu wa ripoti, alimshughulikia kichwa tu, kwa uangalifu mkubwa, bila kuchafua shati. Jeneza lilifika limepigiliwa misumari, na afisa mmoja mpole akashauri familia isilifungue kwa ajili ya afya ya akili. Mama yao alililalia jeneza lile, akapapasa mbao upande wa juu, akasema kwa sauti ndogo, "Huku hakuna mtu."

Mama alimfuata Crispus kabla mwaka haujaisha. Peris alibaki peke yake katika ukoo wa kina Righa. Hakulia mbele ya watu. Alirudi kazini. Lakini kila usiku, kabla ya kulala, alitamka kitu kimoja badala ya sala: anayejua Crispus alipo, asipumzike.

Dominic Mwakughu alishinda kiti chake wiki chache baada ya mazishi. Alileta hata rambirambi.

* * *

Lango la kina Mwakughu lilikuwa wazi.

"Viti viko juu, Madam," mlinzi alisema, kabla hajaulizwa. "Pangoni. Mzee anakungoja."

"Nani amemwambia nakuja?"

Mlinzi alitazama viatu vyake.

Mwangangi alizima injini. "Mimi niko hapa. Gari la serikali haliingii pangoni, halina kibali."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini alifunga milango yote kutoka ndani.

Njia ilipanda kati ya miti mikubwa yenye kuvu. Ukungu ulikuwa mzito sasa, unatiririka usoni kama jasho la mtu mwingine. Peris aliijua njia hii. Baba yake alimleta mara moja akiwa mtoto, akamwonyesha mwamba kwa mbali na kumwambia, wale ni watu wetu, wasalimie. Aliwasalimia. Baadaye ardhi ikapimwa, hati zikatoka, na mwamba ukajikuta ndani ya ua wa kina Mwakughu. Mchakato ulikuwa wa kisheria kabisa.

Harufu ikamfikia. Pombe ya miwa, mbangara, tamu na chachu. Chini yake harufu nyingine, ya jiwe lililolowa.

Kisha akasikia mluzi.

Mwembamba. Wa hewa zaidi kuliko sauti. Crispus alikuwa na mwanya mpana kati ya meno ya mbele, na jino la kulia lilivunjika kwenye mpira wa shule. Hakuweza kupiga mluzi kama watu. Ulitoka ukiwa na upepo, fyuu… fyuu… mama akamwita birika.

Peris alisimama.

Fyuu…

Ndege, alijiambia. Msitu huu una ndege ambao hawapatikani kwingine duniani, hata kuna bango.

Akaendelea kupanda.

Viti alivikuta. Vilikuwa vimepangwa nusu duara mbele ya pango, vyeupe gizani, na juu ya kila kimoja alikaa mtu.

Walivaa suti. Walikuwa wameweka kofia zao magotini. Taa ya kandili ilikuwa chini, ikiwamulika kuanzia kidevuni. Alimtambua jaji mstaafu ambaye sura yake ilikuwa haitoki kwenye televisheni. Alimtambua kanali. Alimtambua bwana wa Wizara aliyewahi kumnyima kibali cha kununua kalamu. Hakuna aliyemsalimia. Nyuma ya bega la kila mmoja alisoma herufi nyekundu: MALI YA SERIKALI. Kwa mara ya kwanza maneno hayo yalimtisha.

"Karibu, mwanangu," ilisema sauti kutoka kwenye blanketi. Mzee Obadiah alikuwa amekonda hadi macho yakawa makubwa kuliko uso. "Keti."

"Nimekuja kuchukua viti, Mzee."

"Utavichukua. Watu wakishasimama."

Kando yake alisimama Dominic. Kwenye mabango Mheshimiwa alikuwa mtu wa meno. Hapa hakuwa na tabasamu hata moja. Na chini, kwenye mkeka, mkewe Abby alipakata mtoto aliyefungwa leso. Shanice, bintiye, miaka sita. Mtoto alikuwa ameshika kichwa chake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebebeshwa mtungi asiouzoea.

"Mama," aliguna. "Hiki si changu… kitoe."

"Nyamaza, mama. Nyamaza."

"Tumempeleka Voi, Mombasa, Nairobi," Dominic alinong'ona. "Hakuna ugonjwa unaoonekana. Na si yeye tu. Mjukuu wa Jaji. Mapacha wa Kanali. Wote wanasema maneno hayo hayo."

"Tukaenda kwa mlaguzi," Mzee alisema. "Akapiga bao. Akasema, mwenye kichwa ana dada. Dada ana hasira."



"Kichwa gani?" Peris aliuliza. Alishajua. Alitaka wakitamke.

Dominic aliwasha tochi ya simu, akaimulika ndani ya pango.

Walikuwa wamepangwa safu kwenye rafu ya jiwe, wakitazama nje. Wa zamani walikuwa wamegeuka kijani kwa kuvu, wapole, nusu wamerudi kuwa mwamba. Hao ndio aliowasalimia utotoni. Lakini mwisho wa safu kulikuwa na wengine, weupe zaidi. Peris aliwahesabu kimoyomoyo na kuwapa majina. Babu yake, aliyeliwa na simba mwaka kina Mwakughu walipopewa uchifu. Baba mdogo, aliyezama bwawani mwaka walipopata shamba la mkonge. Simba na maji ya Taita yalikuwa na siasa kali siku zote.

Na wa mwisho kabisa. Mweupe kama viti.

Mwanya katikati. Jino la kulia, nusu.

Alisimama wima. Asingewapa hilo.

"Baba yangu alifika hapa hana kwao," Mzee Obadiah alisema, taratibu, kama anayesoma somo kanisani. "Mtu asiye na vichwa vya wazee wake si mtu, mwanangu. Ni upepo. Mtu wa damu ya zamani husikilizwa. Mlima humjua. Sisi tulikuwa hatuna… tukaazima. Hawa unaowaona hapa, kila mmoja ameazima, huko kwake. Ndio udugu wetu."

"Cha kuazima hurudishwa, Mzee."

Kanali alikohoa. Mtu fulani alisogeza kiti, plastiki ikalia juu ya jiwe.

"Tutakirudisha," Dominic alisema haraka. "Utamzika upendavyo. Na ofisi mpya, na gari. Tasa tu, dada. Tasa, umtoe mtoto wangu humu."

Mdawida hahitaji kuelezwa kutasa. Hasira ya mtu ikikaa moyoni haikai bure. Hutoka yenyewe usiku ikamtafuta aliyeiwasha, na isipompata yeye humpata mtoto wake. Dawa ni moja. Mwenye uchungu hujaza kinywa pombe au maji, hutaja yaliyomuumiza, kisha hupuliza nje kwa nguvu, na hasira hutoka na ule mvuke. Hakuna mganga awezaye kumfanyia. Lazima kinywa kiwe chake.

"Kila mwaka unatasa kwenye tamasha," Dominic aliongeza. "Mimi nimekuona. Kwa maji ya chupa. Watu wanapiga makofi."

Hapo ndipo Peris alipoelewa jinsi walivyokosea. Walimwona akitasa jukwaani mbele ya wageni, kisha wakala samosa, wakaenda zao. Walidhani ni kazi yake, kama kugonga muhuri. Hawakujua kwamba miaka mitatu yote alikuwa anapuliza maji tu.

Na kosa lao kubwa lilikuwa pale, kwenye rafu. Walikuwa na milima yote ya kumficha Crispus. Wakamchukua, wakamwosha, wakamleta kwenye pango la kina Righa, wakamweka kando ya babu yake. Wakafanya kila kitu kama inavyotakiwa.

Walimpeleka nyumbani.

Katika pango lile hapakuwa na kichwa hata kimoja cha Mwakughu cha kuwatetea.

"Leteni," alisema.

Mzee alimpa kata ya mbangara kwa mikono miwili. Peris aliipokea, akamtazama mtoto. Shanice alikuwa amefumbua macho. Hakuwa na kosa. Peris alilijua hilo wakati ule, na baadaye hakuwahi kujidanganya kwamba hakulijua.

Akajaza kinywa.

Udugu wote uliinama mbele. Pumzi zilikatika. Hata ukungu ulikuwa kama umesimama.

Utamu. Uchachu. Kinywa kilijaa hadi mashavu yakauma. Alimwona mama yake akipapasa mbao. Aliona barua ya rambirambi yenye nembo ya Jamhuri. Aliinua uso kuelekea kwa Crispus, na Dominic akapanua mikono kupokea baraka…

Akameza.

Funda lote. Kila mtu alisikia koo lake likifanya kazi.

"Umefanya nini?" Mzee alinong'ona. "Mwanangu. Umefanya nini?"

Peris alipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. "Nimemaliza."

Kandili ikazimika.

Fyuu…

Safari hii haukuwa wa ndege. Ulitoka kwenye rafu. Kisha wa pili, mzito zaidi. Kisha wa tatu. Wa zamani waliokuwa kimya miaka mia walikuwa wanavuta pumzi, ndefu, baridi, kupitia meno yaliyobaki.

Simu ya Dominic ilikuwa imeanguka, mwanga wake ukitazama juu. Katika mwanga huo Peris aliwaona watu wazito wa nchi wakiinua mikono, mmoja baada ya mwingine, wakashika vichwa vyao. Hakuna aliyepiga kelele. Jaji alikuwa anatikisa kichwa chake polepole, kulia, kushoto, kama anayejaribu kofia dukani.

Peris hakumchukua Crispus. Alikuwa kwao. Alimgusa tu paji la uso kwa vidole viwili, akateremka njia.

Mwangangi alifungua mlango kabla hajagonga. Alimtazama, akawasha gari.

"Na viti, Madam?"

"Vinatumika."

* * *

Serikali iliunda kamati ndogo, ikala chakula cha mchana mara kadhaa, ikatoa ripoti. Wageni wa Mzee Obadiah walivuta hewa chafu iliyokuwa imejikusanya pangoni. Pendekezo: pango liwekewe kibao cha onyo. Mkaguzi aliandika kwamba viti havipo, na Idara ikatakiwa kueleza.

Hewa chafu ni maelezo mazuri. Huenda hata ni ya kweli. Lakini hewa chafu gani humchukua mtu jina la baba yake?

Maana hilo ndilo lililotokea. Hawakufa. Waliendelea kula, kutembea, kusoma gazeti. Lakini kila mmoja alipofika pale mtu anaposema ametoka wapi, alikuta shimo. Dominic alisimama kwenye mkutano Voi, akashika maikrofoni, akasema, "Mimi ni Dominic, mtoto wa…" Akangoja. Watu walidhani ni mbwembwe, wakampigia vigelegele. "Mtoto wa…" Maikrofoni ikalia. Alishushwa jukwaani kwa mkono kama bibi harusi. Alipokwenda kutengenezewa kitambulisho kipya, karani kijana alimwambia kwa heshima, "Mheshimiwa, bila jina la baba mfumo haukubali." Akapanga foleni tena. Inasemekana alirudi foleni siku nyingi.

Mzee Obadiah ndiye pekee aliyekufa, na ilikuwa ya uzee. Waliojaribu kuandika msalaba wake walitazamana. Mchoro wa sebuleni ulikuwa umeanguka ukutani na panya wameula. Wakaandika OBADIAH, wakaacha nafasi.

Peris alilala usingizi mzito wa mtoto. Asubuhi aliamka na ladha ya mbangara ulimini. Alipiga mswaki, ladha ikabaki. Mwezi wa kwanza aliifurahia. Alinenepa. Akitembea sokoni Mwatate aliwatazama watu na kujua, bila kuambiwa, nani aliwahi kumcheka mama yake mazishini. Alijua, na ladha ikaongezeka. Muuza nyanya mmoja aliyewahi kumtusi mama yake alianza kujiita kwa majina yasiyo yake. Peris hakuwa amefanya lolote. Alikuwa amepita tu.

Mwezi wa tatu hakuifurahia tena.

Ndipo Abby alipokuja ofisini. Ilikuwa mchana, jua kali la kuunguza mabati. Alikuja kwa miguu, kanga imekunjamana, amemshika Shanice mkono.

"Amepona," Abby alisema, kabla ya salamu. "Kichwa hakimuumi. Lakini dada… hanijui. Analala kwangu kama mgeni. Kila siku ananiuliza njia ya kwao. Leo nimemwambia, haya, nionyeshe. Amenileta hapa."

Mtoto alikuwa ameshakaa. Alikunja nne, akaegemea kiti kwa raha ya mtu aliyefika nyumbani. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, kama ya watoto wote wa umri ule. Alipotoa pumzi ilipita pale kwenye pengo ikawa sauti.

Fyuu.

"Wakesho," mtoto alisema. Hakuna mtu hai aliyemwita hivyo. Wote walimwita Peris, au Madam. "Mbona umenenepa hivyo?"

Peris alishika meza.

Abby alipiga magoti kwenye saruji. "Mimi niliolewa tu, dada. Naapa kwa Mungu. Waliniambia ni pango la wazee wao. Nilikuwa naleta maua. Nilikuwa nawafuta vumbi… hata huyo wako nilimfuta vumbi. Sikujua. Kama unataka mtu, mimi nipo. Lakini mtoto nirudishie."

Peris alizunguka meza. Alitafuta hasira ya kumjibu nayo, akaikuta, lakini haikuwa inamtazama Abby wala mtu yeyote. Ilikuwa imejilaza tu humo ndani, imeshiba nusu. Na kwa mara ya kwanza tangu jeneza lile alisikia kitu kingine kikisogea pembeni yake, kidogo, chenye aibu. Huruma.

"Inuka," alisema. "Inuka, dada. Nitatasa. Kweli kweli."

Kwenye kabati kulikuwa na jagi la maji. Alimimina kikombe, akasimama mbele ya mtoto. Hakukuwa na jukwaa, wala makofi. Alisema kwa sauti yaliyomuumiza, yote, hadi jina la yule aliyeitwa ndovu. Akasema: nimewaachia. Akasema: mtoto huyu arudi kwa mamake. Alimaanisha kila neno. Machozi yalimtoka, yale ya miaka mitatu.

Akajaza kinywa, akavuta pumzi puani, akakaza mashavu apulize.

Koo likameza.

Alidhani ni kwikwi. Akamimina tena. Akajaza, akainama mbele kabisa, midomo wazi, ili maji yaanguke tu yenyewe sakafuni… Hayakuanguka. Yalipanda. Aliyasikia yakirudi nyuma juu ya ulimi kama yanayovutwa na mdomo mwingine, ulio chini zaidi. Akanywa kikombe cha tatu, cha nne. Jagi likaisha, na sakafu ya ofisi ilikuwa kavu.

Shanice aliteremka kitini. Akasogea, akaweka kiganja chake kidogo juu ya koo la Peris, kwa upole, kama anayetuliza ng'ombe.

"Usijisumbue, Wakesho," alinong'ona. "Sasa si yako peke yako. Tuko wengi."

Peris aligeuka kwa Abby, amwambie akimbie, amwambie samahani, amwambie lolote.

Abby alikuwa amesimama, anajipangusa vumbi magotini. Uso wake ulikuwa umetulia. Alitazama ofisi, dirisha, jagi tupu, kama mtu aliyeingia mlango ambao si wake na anatafuta namna ya kuaga kwa adabu. Macho yake yakamfikia Shanice. Akatabasamu, lile tabasamu tunalowapa watoto wa watu.

"Mtoto mzuri," alisema. "Ni wako?"